Aina Kumi na Moja

Siku ya kwanza alipoingiza uso majini, Miwani alikunywa bahari mpaka akaitapikia kamba ya kupimia, na mwenzake aliyeshika ncha ya pili akacheka hadi naye akapaliwa. Hakuna aliyeshangaa kuliko Miwani mwenyewe. Alikuwa amezaliwa hatua mia mbili kutoka maji yale. Mama yake alikuwa mpara samaki, miaka ishirini na miwili kwenye meza ileile ya zege pale diko, mahali boti zinaposhushia samaki. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za boti. Nyumba yao ilinuka shombo tangu kizingitini hadi kwenye madaftari. Lakini kuoga pwani ni jambo moja, na kulala kifudifudi juu ya maji, mdomo umeng'ata mrija wa kupumulia, ni jambo jingine kabisa. Anayeoga hutazama watu. Anayezamia hutazama chini, na huko chini hakuna anayemuuliza habari za nyumbani.

Jina la Miwani alipewa na shangazi yake jioni hiyohiyo, aliporudi na alama nyekundu ya miwani ya kuzamia imemzunguka uso kama mtu aliyefunikwa bakuli. Shangazi alikuwa dada wa baba. Alikuja kukaa wiki moja, akakaa miaka sita, na jina akilitoa yeye hata wazazi husahau lile la awali. Kufika Ijumaa, mtaa mzima ulikuwa unasema Miwani.

Chuo chake kilikuwa kimepewa kazi na kampuni ya bandari. Kampuni ilitaka kurefusha gati, na kabla ya kuamua gati lipite wapi ilitaka kujua chini kuna nini. Kama mwamba wa mbele ya diko una samaki wengi, gati lingepelekwa upande wa pili, kwenye matope. Kama hauna, mwamba ungefukiwa, na diko pamoja nao. Wa kuhesabu wakawa wanafunzi wa mwaka wa tatu wa elimu ya viumbe vya bahari, na hesabu hiyohiyo ikawa ndio mazoezi yao ya mtihani wa majini. Habari ilipofika diko watu walipumua. "Anayehesabu ni mtoto wetu," walisema wauza barafu, wabeba masanduku na wapara samaki. "Sasa wasiwasi wa nini?"

Mkufunzi wao, mwanamume mwembamba mwenye kofia iliyochoshwa na jua, alikuwa na sheria moja aliyoitoa kila asubuhi kama dozi. "Usichokijua usikiandike. Huna hakika, acha kisanduku wazi. Mimi pengo naweza kulivumilia, uongo siwezi." Kisha aliwagawia fomu yenye majina ya samaki mia moja na ishirini, kila jina na kisanduku chake, na vibao vya plastiki vyeupe vya kuandikia kwa penseli ndani ya maji. Waliokuwa hodari walipelekwa kwa boti hadi mwamba wa nje. Waoga walipewa kamba ya tatu ya kupimia, iliyoitwa mstari wa tatu, mbele ya diko, ambapo mtu aliweza kuingia kwa miguu yake.

Miwani alipewa mstari wa tatu.

Aibu iliyomkaba si ile ya kunywa maji. Aibu ilikuwa kwamba hakuwatambua. Changu aliyemjua alikuwa amelala ubavu juu ya zege, jicho limefifia, rangi ya majivu. Changu aliyepita chini yake alikuwa na mistari, na mistari yenyewe aliiwasha na kuizima kama taa. Pono aliyemjua alikuwa na kijani kilichochuja. Huyu alikuwa na buluu kama ukuta wa duka jipya, na kabla hajamtazama vizuri alikwisha geuka na kwenda zake. Miwani alikuwa kama mtu aliyewajua watu wa mtaa wote kwa maiti zao, kisha siku moja akakutana nao barabarani wanatembea. Kila alipomkaribia mmoja, maji yalimwingia puani kupitia ufa wa miwani ya chuo, akainua kichwa, akakohoa, na aliporudi chini samaki hayupo.

Kwa wiki mbili alijaza visanduku kumi na kimoja. Vingine mia na tisa aliviacha wazi, kama alivyoamriwa. Kila jioni alitia sahihi chini ya fomu, sahihi yake ya tangu shule ya msingi, ambayo mwisho wake ulijikunja na kugawanyika kama mkia wa samaki.

*

"Haya, bingwa wa maji," Shangazi alisema, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni, pale ambapo hakuna mpita njia angeweza kumkwepa. "Leo umeonana na nani?"

"Samaki, shangazi."

"Samaki hata mimi nawaona, na sijavua kanga. Wangapi?"

Mama alikuwa anajisugua mikono kwa majivu kutoa shombo. Hakuinua kichwa, lakini mikono iliacha kusugua. Miwani aliona jinsi ilivyoacha. Mwanamke yule alikuwa ametumia nusu ya uhai wake kwenye magamba ili yeye afike mwaka wa tatu. Pale diko alikuwa amekwisha mtangaza kwa kila mteja. Sasa binti huyo amwambie nini, kwamba amelala juu ya mwamba wiki mbili na hakumtambua hata tasi?

"Wengi tu, mama," alisema Miwani.

"Enhee," Mama alisema, na mikono ikaanza tena. "Mimi nilijua."

Baba alikuwa ameikamata ile miwani ya kuzamia, anaigeuzageuza karibu na dirisha kama kabureta. "Hiki ndicho ulichopewa chuoni? Hiki kinavuja hata kwenye bafu." Akaipaka gundi ya gasketi penye ufa, akautupa mkanda uliokatika na kufunga mwingine aliokata kwenye mpira wa baiskeli. "Na usipumue kama mtu anayefukuzwa. Umewahi kusikia mashine iko bila gia, inanguruma taratibu haina mzigo? Pumua hivyo. Ukiisikia pumzi yako inapanda mlima, simama, shika jiwe, iache ishuke."

"Na nisipoweza kusimama?"

"Basi meza maji. Chumvi haijaua mtu kwa kikombe kimoja."

*

Miwani ile haikuvuja tena. Na ile pumzi ya bila gia ilikuwa kweli. Siku ya kwanza iliyomtii, Miwani alikaa juu ya maji nusu saa nzima bila kuinua kichwa. Akasikia kitu ambacho kukohoa kwake kulikuwa kukikifunika siku zote: mwamba ulikuwa na kelele. Ulikwaruza, ulitafuna, ulidonoa. Alifuata sauti ya kutafuna, kama mtu anavunja barafu kwa magego, akamkuta pono ameung'ang'ania mwamba kwa meno, na nyuma yake vumbi jeupe linatoka kama moshi wa boti mbovu. Akacheka ndani ya mrija, akanywa kikombe chake kimoja, na hakujali.

Asubuhi, kabla ya chuo, alianza kwenda kukaa na Mama mezani. Alijidai anakuja kumpunguzia kazi. Aliwashika samaki kwa mkia, akawafungua mapezi, akahesabu miiba.

"We mwanangu," Mama alisema siku ya tatu, "unawatazama samaki kama unawatafutia wachumba. Kuna nini?"

"Najikumbusha tu. Hivi, mama, pono wa kahawia na pono wa buluu ni wawili tofauti?"

Mama alimpasua mmoja tumbo, akaingiza kidole gumba, akatoa vifuko viwili vya mayai. "Huyu wa kahawia. Miaka yote nawafungua. Wa kahawia ndio wenye mayai. Wa buluu hajawahi kunionyesha yai hata moja." Akatupa utumbo ndooni. "Wanaume hao. Wamevaa vizuri na hawana kitu tumboni."

Wateja walicheka. Miwani aliandika kwenye kiganja chake. Kitabu cha chuo kilitumia kurasa nne kusema jambo hilohilo.

Polepole aliacha kutazama rangi, akatazama tabia. Kangaja walikuwa wana haraka siku zote, kama watu walioitwa kwenye simu. Mkundaji alipekua mchanga kwa ndevu zake kama mshonaji aliyeangusha sindano. Vitatange walitembea wawiliwawili, mke na mume waliokwisha nuniana lakini hakuna anayetaka kwenda sokoni peke yake. Chewa alikaa mlangoni pa pango lake, midomo imeshuka, anahesabu wanaopita, na Miwani alimwita Shangazi. Kikande alimng'ata kiatu cha bata, kile cha mpira cha kuogelea, kwa sababu alipita juu ya kiota chake. Alirudi nyumbani na kiatu chenye alama ya meno, akakionyesha kama cheti.

Wiki ya nne Mkufunzi alimhamishia mwamba wa nje, kwenye boti, pamoja na hodari. Wiki ya nane ndiye aliyekuwa akiulizwa na wenzake majini, wanamnyooshea kidole samaki, naye anaandika jina kwenye kibao bila kusita.

Jumamosi moja, kwa raha zake tu, alirudi mstari wa tatu. Akalala juu ya kamba ileile aliyoitapikia. Alikuwa kama mtu aliyerudi kwenye chumba alichokaa gizani, na sasa taa imewashwa. Kila tundu lilikuwa na mwenyewe. Alijaza kibao mbele na nyuma na kumalizia pembeni kwa herufi za kubana. Alipotoka na kujumlisha, ngozi ya vidole imesinyaa, zilikuwa aina sabini na tatu.

Alifurahi mpaka akasimama. Sabini na tatu, mahali alipoandika kumi na moja. Wamehamia lini?

Jumatatu alimwendea Mkufunzi. "Mwalimu, zile hesabu zangu za mwanzo za mstari wa tatu sio. Nilikuwa siwajui."

"Ndiyo maana uliacha wazi. Vizuri." Mkufunzi alikuwa anatafuta ufunguo wa stoo, mfuko huu, mfuko ule. "Tutarudia mstari wa tatu. Nikumbushe."

Alimkumbusha mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilichafua maji. Mara ya pili Mkufunzi alisema, "Ripoti imekwenda, lakini nitawaandikia." Miwani alikuwa na mtihani wa karatasi wiki hiyo, akaamini kampuni imeandikiwa.

*

Mkutano wa kampuni na watu wa diko ulifanywa kwenye ukumbi wa shule, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Diko zima lilikuwepo. Mama alivaa nguo ya kutokea, akaketi safu ya pili, na kwa jinsi alivyojipangusa mikono kila mara ungedhani bado ina magamba. Shangazi alikuwa amewahi kiti cha dirishani, anawapa walioko nje habari kabla hazijatokea.

Afisa wa kampuni alikuwa kijana mpole. Alisalimu vizuri, akaomba radhi kwa joto, akawasha mashine ya kumulika ukutani. Alisema gati ni ajira. Alisema mwamba wa nje umeonekana kuwa na uhai mkubwa na hautaguswa. Kisha akasema, "Mstari wa tatu, mbele ya diko. Aina kumi na moja."

Kicheko kikapasuka. Kilikuwa cha Mama.

"Kumi na moja?" Alisimama, mkono kiunoni. "Kijana, hiyo ni hesabu ya beseni langu kabla sijanywa chai! Nani huyo aliyehesabu? Alihesabu amefumba macho?"

Ukumbi ulilipuka. Watu waligonga madawati. "Mpe, mama, mpe!" Shangazi alipiga kelele dirishani. Miwani alikuwa nyuma kabisa, kando ya mlango.

"Mama yangu," afisa alisema, bado ana tabasamu, "nakuheshimu. Lakini hizi si habari za kusimuliana. Zimekusanywa kwa utaratibu, chini ya maji, siku kumi mfululizo. Na kila siku ina fomu, na kila fomu ina sahihi. Hizi hapa."

Akabonyeza. Fomu ikatokea ukutani, kubwa kuliko mlango. Majina mia moja na ishirini. Kumi na moja yana namba. Mia na tisa yana sifuri, sifuri, sifuri, zimepigwa kwa kompyuta, nadhifu kama shanga. Na chini kabisa, ndefu kama mkono wa mtu mzima, sahihi iliyojikunja mwisho na kugawanyika kama mkia wa samaki.

Mama alikuwa ameiona sahihi ile kwenye kila ripoti ya shule. Alikuwa ameiona nyuma ya mlango wa chumba, kwenye ukuta wa choo, kwenye kadi aliyochorewa alipolazwa. Kicheko hakikukatika mara moja. Kilimwishia mdomoni, kama maji yanavyoishia bombani. Akaketi. Aliketi polepole, akapangusa mikono, akatazama sakafu. Na kwa kuwa alikuwa ameketi yeye, aliyeshika bendera, ukumbi nao ukaanza kutulia, safu baada ya safu, watu wanaulizana, "Vipi? Imekuwaje?"

Dirishani Shangazi alikuwa anaikodolea macho ile sahihi. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita, hakuwa na la kuwaambia walioko nje.

*

Nyumbani hakuna aliyepiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Uliniambia wengi tu," Mama alisema.

"Nilikuwa siwajui, mama. Niliogopa. Nilinywa maji. Wakiwa hai hawafanani na hawa wa mezani."

"Ukaandika hawapo."

"Sikuandika hawapo! Niliacha wazi. Tuliambiwa usichokijua acha wazi. Wao ofisini wakajaza sifuri."

"Mimi nilikuwa wapi?" Sauti ya Mama ilikuwa ndogo. "Hatua mia mbili. Ungekuja na maneno yako, mama nimeona mmoja ana mistari hivi, ana ndevu hivi. Ningekosa kukuambia?"

Jibu lilikuwepo, na wote wawili walilijua: Miwani alikuwa amemwonea haya mama yake kwa sababu mama yake alikuwa anajivuna.

"Jamani, mtoto asiuawe," Shangazi alianza. "Wifi, tutakwenda..."

"Kesho wataniuliza pale mezani," Mama alimkatiza. "Wataniuliza mmoja mmoja. Na kila mmoja nitamjibu."

Baba alikuwa ameketi na plagi ya mashine mkononi, anaisugua kwa msasa mahali palipokwisha kung'aa. "Kamba unayo?" alimuuliza Miwani hatimaye. "Ile ya mita hamsini."

"Naweza kuazima."

"Basi kesho tunahesabu upya. Mimi nitakaa jiweni, nishike ncha."

Walihesabu siku tatu. Baba, suruali imekunjwa magotini, alisimama juu ya mwamba tangu maji yanapokupwa hadi yanapojaa, ameshika kamba kama mtu aliyeshikishwa ng'ombe wa wenyewe. Wapitao walimuuliza anavua nini. Siku ya tatu zilifika aina themanini na moja. Miwani alizinakili kwenye fomu mpya, kwa mwandiko wa kusomeka, akatia sahihi.

*

Mkufunzi aliisoma fomu yote amesimama. Alipomaliza alivua kofia, na bila kofia alionekana mzee.

"Ni sahihi," alisema. "Najua ni sahihi. Mimi mwenyewe nimeogelea pale."

"Basi, mwalimu, wapelekee."

"Nimewaandikia. Mara mbili. Wanasema idara yetu hapa chuoni ilikwisha thibitisha. Na idara inasema tukikanusha mstari mmoja tutaulizwa mistari yote, na mwakani hatutapewa kazi, wala boti, wala vibao." Alimrudishia karatasi. "Ile fomu haina kisanduku cha 'sijui'. Mimi ndiye niliyeitunga. Kila nikilala naiona."

"Sasa nifanye nini?"

"Nenda mwenyewe. Labda wewe watakusikiliza. Wewe ni mtoto wa pale."

Pale kampuni, mlinzi alimwambia avue viatu vyenye mchanga. Dada wa mapokezi aliitazama fomu na kusema haina muhuri. Alisubiri kwenye kiti cha plastiki, soksi zake zina tundu kidoleni, akiuficha mguu mmoja nyuma ya mwingine, tangu asubuhi hadi watu waliporudi kutoka kula. Mwishowe yule afisa mpole alitoka, akaambiwa huyu ni binti wa yule mama wa mkutanoni, akamkaribisha hata maji ya baridi.

"Themanini na moja," alisoma. "Hongera. Nani alihesabu?"

"Mimi."

"Nani alithibitisha?"

"Mimi. Na baba yangu alishika kamba."

"Na zile kumi na moja, nani alihesabu?"

"Mimi."

Afisa aliweka karatasi mbili mezani, mpya na ya zamani, akazilinganisha ubavu kwa ubavu. Mikia miwili ya samaki ilitazamana. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba msaada.

"Sasa dada, mimi nimwamini wewe yupi? Yule ambaye hakujua kitu na hakuwa na sababu ya kusema uongo, au huyu anayejua kila kitu na mama yake yuko pale diko?"

Majina themanini na moja yalimjaa Miwani kinywani, na hakuna hata moja lililofaa.

*

Mtihani wa majini ulifanyika mwezi uliofuata. Mashine ya kuchimba ilikuwa imekwisha tia nanga, na maji yalikuwa yameanza kuwa na utando kama ya kuoshea mchele. Wenzake walipapasa. Miwani alilala juu ya maji, pumzi bila gia, na kila kivuli kilichopita aliandika jina lake: huyu kwa mwendo wake, huyu kwa pembe aliyogeukia, huyu kwa sauti ya meno tu. Hakukosa hata mmoja. Mkufunzi alisema tangu aanze kufundisha hajawahi kutoa alama zile. Alisema hivyo bila kumtazama.

"Umefaulu?" Shangazi alimuuliza mlangoni.

"Nimefaulu."

"Wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Shangazi alitazama huku na huku mtaani, apate wa kumwambia. Watu walikuwepo. Wauza barafu walipita, mbeba masanduku alipita. Akainama, akaokota uzi sakafuni, akauzungusha kidoleni.

*

Siku ya mwisho ya diko, lori lilikuja mapema kubeba kilichobebeka: mizani, masanduku, mbao za kuparia, mabati. Soko jipya lilikuwa bara, nyuma ya maghala, na samaki wake walikuja kwa gari la baridi wameshakatwa vichwa. Meza za zege hazikubebeka. Boti chache zilishusha samaki kwa mara ya mwisho, na watu wakaja kununua kama wanavyokwenda msibani, kila mtu anasema kwa sauti ya chini.

Miwani alikuta Mama hajaanza kazi. Alikuwa amepanga samaki juu ya meza kwa mstari, mmoja wa kila aina, vichwa vyote vimeelekea baharini. Wateja walisimama pembeni na vikapu vyao, wala hawakumharakisha.

"Una kile kibao chako?" Mama aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza la zaidi ya salamu kwa wiki nyingi.

"Ninacho."

"Andika."

Alimgusa wa kwanza kwa ncha ya kisu. "Changu." Miwani akaandika. "Tasi. Kangaja. Huyu mkundaji. Huyu kolekole, mtoto bado. Pono, jike. Pono, dume." Alikwenda hivyo, hapandishi sauti, hashushi, kisu kinagusa na kusogea. Watu walikuwa wameanza kuhesabu kwa midomo. Mara moja tu Mama alisita, juu ya samaki mdogo mwenye doa shavuni, akamtazama binti yake. Miwani akalitaja jina. Mama akaitikia kwa kichwa, akasogea mbele.

Walifika thelathini na wanane, katika mabeseni ya asubuhi moja.

"Tia sahihi," Mama alisema.

Miwani akatia, na mkia wa samaki ulitokea vilevile, umejikunja na kugawanyika. Mama alikipokea kibao kwa mikono miwili. Alikisoma chote, kutoka juu hadi chini, midomo yake inafuata kila jina, na alipofika kwenye sahihi alikaa hapo muda.

"Mama Miwani," mteja wa kwanza alisema kwa upole, "mimi nitachukua huyu changu. Nina safari ya mbali."

Mama alitafuta ubao wake wa kuparia kwa macho. Ulikuwa umekwenda na lori. Akakilaza kibao cheupe juu ya zege, maandishi juu, akamweka changu juu yake, akamshika mkia, na kuanza kumpara. Magamba yaliruka. Kisu kilikwenda na kurudi, na kila kiliporudi kiliondoka na jina moja.